Mawese kwenye usukani wa Bulonza

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi bado imelalia mabati ya mtaa wa Murara, Goma, na Citoyen Bulonza anaizunguka Peugeot 404 yake kwa mara ya saba. Anapiga tairi teke. Anafuta kioo alichokwisha kukifuta. Kisha anaingia, anawasha injini, anashika usukani kwa mikono miwili.

Usukani haugeuki.

"Jana saa sita mchana ulikuwa unageuka na kidole kimoja!" anafoka. "Nani amegusa gari yangu?"

Hakuna aliyeigusa. Shemeji yake Namegabe, dereva wa teksi, ameegemea ukuta wa mawe meusi. "Shemeji, volani ndiyo imekataa ao mukono?"

Mkono ndio chanzo cha yote, hata cha usukani huo kukataa. Bulonza, miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa magari. Wiki nzuri anapata magari matatu. Wiki mbaya hapati hata moja. Jumapili kuna mashindano ya magari ya Goma hadi Sake, kilomita kama ishirini na tano za mawe ya volkano. Mnunuzi mmoja wa kahawa ameahidi kwamba fundi atakayefika wa kwanza, akiendesha mwenyewe gari aliyoitengeneza, atapewa malori yake sita kuyatunza mwaka mzima.

Lakini mwaka jana manivela ya lori, chuma cha kuzungushia injini iwake, ilimrudia kwa nguvu ikamvunja mkono wa kulia. Alikaa wiki sita kwenye plasta. Tangu hapo, kwa usukani wa kawaida, ule unaogeuzwa kwa nguvu za mtu peke yake, mkono unaanza kutetemeka kwenye kona ya tano.

Ndipo akaenda Mugunga, kwenye njia ya Sake, kwenye gari kubwa lililopinduka na kuachwa, akang'oa pampu ya usukani na mipira yake, akaifunga kwenye Peugeot ili mafuta yamsaidie kugeuza. Kazi ilimchukua siku nne.

"Hata jana ilipokuwa nyepesi, haikunituliza moyo," anasema Bulonza. "Na ile ya zamani, jiwe likihama chini ya tairi, ninajua hapa." Anajigusa kiganja. "Hii inaniambia tu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama kijana anayekuja kuomba muke."

Mke wake Kanyere anatoka jikoni, mikono ina unga wa mandazi. Anachungulia ndani ya boneti, anachovya kidole kwenye kikopo cha pampu. Kinatoka na kitu chekundu, kizito.

"Papa Nshobole," anamwita kwa jina la mtoto wao, "uliweka nini humu?"

Bulonza anatazama viatu vyake. Mafuta ya pampu hayajaonekana Goma wiki ya tatu sasa. Alichukua chupa jikoni.

"Mawese!" Kanyere anapiga makofi. "Na hii baridi yetu yanaganda, hata mimi asubuhi nayapasha kwanza ndipo yamwagike. Mashindano yanaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," anajibu kwa sauti ndogo.

Namegabe anacheka mpaka anakaa chini.

Kufika mchana, pampu imelala juu ya gunia. Usukani wa zamani umerudi, ila Bulonza ameuvika duara la kushikia la usukani wa lori bovu, pana kama sinia la harusi, maana duara kubwa hugeuka kwa nguvu kidogo. Linamkwaruza magoti. Anaenda Mugunga na kurudi mara mbili.

"Mukono umetetemeka kona ya tisa," anatangaza. "Si ya tano tena."

"Na kisha ya tisa?" anauliza Namegabe.

Bulonza anatupia macho tairi. Anasimama, anakaa, anasimama.

"Kaa," anasema Kanyere. Amebandika kikombe cha mawese kwenye mbabula, makaa yanawaka.

"Nataka kuangalia tairi."

"Kaa, Papa Nshobole. Tairi haitakimbia bila wewe." Anamimina mafuta ya moto kiganjani, anaanza kumkanda kuanzia bega, polepole, mpaka kwenye kiwiko kilichovunjika.

Vidole vya Bulonza havitulii. Vinageuza hewa: kushoto, kulia, kushoto.

"Kisha ya tisa zinabaki kona kumi na moja," anasema. "Zile nitazishika na wa kushoto, huu usindikize tu. Lakini nitasikia kila jiwe."

Anaukunja mkono, anaunyoosha, anaukunja tena.

"Jumapili, mbele ya kutoka," anamwambia mkewe, "unipashie mawese tena."