Onyo la Ukurasa wa Tatu

Nafundisha wanafunzi wa uhandisi kuandika. Mwaka ule niliwapeleka Nchelenge, mji wa ziwani mpakani na Kongo, kufunga winchi ya mkono, mtambo wa waya wa kuvutia boti nchi kavu. Mwanafunzi mmoja, kijana makini sana, aliandika maelekezo kwa Kiswahili, maana wavutaji wengi ni Wakongo. Aliyapanga kama ripoti ya maabara: utangulizi, nadharia, vipimo, na ukurasa wa tatu, onyo kwamba mtu asisimame karibu na waya uliokazwa. Katika ripoti tunaanza na sababu, ndipo tunafika kwenye hatari. Mpangilio huo nilimfundisha mimi, nikampa na sifa.

Siku ya pili boti lililojaa samaki kutoka kisiwa cha Chisenga lilinasa kwenye mawe. Wavutaji walizidi kukaza, waya ukakatika, ukamchapa mvutaji mmoja mkononi. Mfupa ulitokeza nje ya ngozi. Damu ilirukia samaki.

Kaka yake alimkamata mwanafunzi wangu shingoni, akambamiza ubavuni mwa boti. Wenzake wakaja na makasia. Nilipoingia kati, kiwiko kilinipasua mdomo.

"Njo weye uliandika ile karatasi?" kaka alifoka.

"Onyo lipo, baba! Ukurasa wa tatu..."

Kasia lilimshukia begani. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Ukurasa wa tatu! Mutu anavuta na mikono yote mbili, atafungua karatasi na meno?"

Mmoja alicheka, huku akimpiga teke la tumbo. Mwingine akasema, "Mutupe ku maji, akasomee samaki!" Wakaanza kumburuta. Mkono wake mmoja haukuwa ukifanya kazi tena, asingeweza kuogelea.

"Usijitetee, mwanangu," nilimwambia kwa sauti. "Anza na lililo kubwa."

Alitema damu. Alikuwa analia. "Waya unaua watu. Nilijua. Onyo nikaliandika mwisho."

Waliokuwa wakimburuta walisimama, maji yakiwa magotini.

"Ni mimi nilimfundisha kuandika hivyo," nikasema.

Kaka alinigeukia, akanisukumia mpini wa kasia tumboni. Nikaanguka kwenye mchanga, pumzi imekatika. Nilingoja pigo la pili. Alitupa kasia, akaenda kumwinua mdogo wake aliyevunjika mkono.

"Mubebe mutoto yako, mwalimu," alisema bila kunitazama. "Gari ya hospitali ni moja tu, tutapanda wote."