Mama Alipopandisha

Paskazia, mwalimu wa fizikia mjini Geita, alirudi kwao Mwakitolyo likizo ya mwaka 1994 akamkuta kaka yake Sostenes akifunga mizigo ya mama yao kwenye baiskeli. Mama alikuwa amepandisha tena masamva, mizimu ya ukoo, na majirani walishaanza kunong'ona habari za uchawi. Sostenes alitaka kumpeleka akaombewe mpaka akome.

"Kaka, mama haendi popote," Paskazia alisema. "Elektroni ikipata nishati hupanda ngazi, kisha hushuka yenyewe. Huenda na akili ya mama ni hivyo."

Sostenes alicheka. "Kumbe nimezaliwa na elektroni! Umethibitisha, mwalimu?"

"Sijathibitisha. Ni mfano tu. Na wewe, huyo shetani unayetaka aombewe atoke, umempima kwa kipimo gani?"

Mama yao, aliyekaa mlangoni, akauliza, "Hiyo yako hushuka kweli?"

"Hushuka, mayu."

"Na mimi hushuka. Nilikuwa nashuka tangu mkinyonya, nikawapikia ugali."

 Paskazia akaanza kufungua kamba, na kaka yake hakumzuia. Majirani, Paskazia angewaendea mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuwaeleza kwamba mama si mchawi.