Makasi ya Dada Evarista

Baba yetu Silvanus alikuwa na watoto wanne, na mmoja tu ndiye aliyejua kupogoa mzabibu: dada yangu Evarista. Shamba nilirithi mimi.

Katika ukoo wetu mji wa wazazi hubaki kwa kitinda mimba wa kiume, naye ni mimi, Emmanueli, dereva wa kupeleka watalii krateri, mtu ambaye hadi miaka arobaini nilijua zabibu kwa kuzila tu. Vipande vya kwanza vya mizabibu babu Clemensi alipewa na mapadre aliowapikia, akavipanda hapa Ganako, eneo lisilofika ekari moja. Majirani wanaolima kahawa walimcheka. Baba aliendeleza, na tangu Evarista ana miaka kumi alikuwa nyuma yake kila Julai, baridi ikikata vidole. Hata alipoolewa Baray, kwenye mashamba ya vitunguu, Julai ikifika baba alimtumia neno, naye alikuja na makasi kwenye kikapu, kitenge kiunoni, haongei mpaka safu iishe. Ni mtu mkavu. Chai anakunywa amesimama. Watoto wetu walimwogopa, nami kidogo.

Baba alifariki Novemba 2019. Julai iliyofuata sikumwita dada. Nisiseme nilisahau, nilitaka shamba lionekane langu. Nilikodi mafundi wawili wa kahawa, hodari kweli kweli kwenye kahawa, wakafanya wanachokijua: shina kuukuu linabaki, machipukizi yote chini. Kufika saa kumi shamba lilikuwa safi kama kichwa kilichonyolewa. Nikapiga picha.

Mzabibu lakini huzaa kutokana na matawi yaliyochipua mwaka uliotangulia, na hayo ndiyo tuliyowapa mbuzi. Februari tukapata majani matupu, hata kishada kimoja hakuna. Nikatangaza kwamba mizabibu imezeeka, nikaongea na mwenye trekta aje aing'oe.

Mke wangu Anneth, Mchaga asiyezunguka maneno, aliniambia, "Baba Dennis, haijazeeka hiyo. Anayeijua yuko Baray, na wewe unaona aibu. Mficha uchi hazai."

Aibu niliona, naam. Nikaahirisha trekta, nikashuka Baray, nikamkuta dada anapalilia vitunguu. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema. "Siku ile nilikuja."

"Siku ipi?"

"Ya kukata. Nilijisemea labda umesahau kuniita. Nikashuka kwenye gari na makasi yangu, nikasimama getini. Niliwaona wanavyokata. Wewe ulikuwa unapiga picha."

"Sasa dada, mbona hukupaza sauti?"

"Ningeingia kama nani? Baba alikuwa ananiita. Wewe hukuniita."

Nililia, mtu mzima, katikati ya vitunguu vya watu. Yeye aliendelea kupalilia, ila mstari wake ulipinda.

Julai nikamtumia neno, akaja. Alipogoa siku nne, akiacha macho mawili ya kuchipua kwenye kila tawi jipya. Mafundi wa kahawa niliwaita waje waangalie, na mmoja alikuwa anajiandikia kwenye simu. Februari vishada vilirudi. Si vingi kama enzi za baba, lakini vilirudi, na hoteli moja ya watalii ilichukua vyote.

Kabla ya Julai nyingine nilishuka tena Baray, mkononi nina karatasi yenye muhuri wa kijiji: nusu ya shamba, jina Evarista Silvanus. Wazee wa ukoo walinung'unika sana. Niliwaambia basi waje wapogoe wao.

Dada aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye kikapu chini ya makasi.

"Nusu ipi?"

"Utakayoichagua."

Aliangalia vitunguu vyake.

"Basi mwaka huu usinitumie neno," alisema. "Nitakuja mwenyewe."