Mtani Tuliyemfungia Mlango

Wazo la kufunga mlango lilikuwa langu. Naliandika mapema nisije nikamtupia mume wangu lawama zote, maana hasira nilizonazo juu yake zinamtosha bila kumwongezea na makosa yangu.

Mama mkwe alikuwa ametoka hospitali, mapafu yaliugua, amebaki mifupa na macho. Tuliishi naye Temeke, nyumba ya udongo na makuti, ukumbi katikati, na nyuma ua ambao wanawake wa mtaa waliuingia kama wa kwao. Mie nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni, na kichwani masomo ya sekondari, likiwamo lile la kutunza wagonjwa: hewa safi, utulivu, wageni wachache. Nikamwambia mume wangu. Yeye karani wa serikali, mtu wa soksi ndefu na kalamu mfukoni. Jambo likishasemwa na kitabu, kwake ni amri.

Mgeni mwenyewe wa kila siku alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama mkwe Mzaramo, yule Mnyamwezi: watani tangu enzi za misafara ya babu zao. Asiyejua utani ajue tu kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kuchukua kitu chako mchana kweupe, na siku ukifa kukuzika kwa vichekesho, na wewe na watoto wako hamruhusiwi kununa. Miaka na miaka wale wawili walitukanana kila asubuhi kabla ya chai.

“Mzaramo! Bado unahema? Unatuchelewesha.”

“Pita huko, mpagazi wee. Kichwa kimeingia bonde kwa kubeba pembe za watu.”

“Bonde hilo hilo ndilo litakalobeba maiti yako. Nyie mtaiacha ioze mkicheza ngoma.”

Siku ya tatu baada ya hospitali, bibi aliingia na kamba ya katani, akamnyooshea mgonjwa kitandani kutoka kisigino mpaka utosi.

“Napima kaburi,” alisema. “Wenzio wanachimba mafupi, miguu inabaki nje kama ya bata.”

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo mume wangu alipoingia, katoka kazini.

“Bibi,” akasema, “mgonjwa anataka kupumzika. Maneno ya makaburi hayafai humu. Tafadhali usije mpaka apone.”

Nilitegemea bibi amtukane. Alikunja kamba yake taratibu. “Haya, baba. Nimesikia.” Akatoka bila tusi hata moja, na mie msomi nikaona tumeshinda.

Yaliyofuata sikuyasoma shuleni. Ukimfukuza mtani umefukuza mtaa. Kesho yake hakuja yule aliyezoea kunipokea mtoto ili nitwange. Keshokutwa wale niliokuwa nikienda nao bombani walinisalimu kwa adabu, adabu ile anayopewa mgeni, wakapita. Nikabaki mie na nepi, mie na kinu, mie na kuni mbichi zenye moshi, chakula nakula nimesimama, na mtoto analia kwa kuwa maziwa yamepungua. Ndani, mama mkwe alitulia kama kitabu kilivyotaka. Alitulia mno. Aligeukia ukuta, uji ukagandia kando yake. Kutwa nzima alikuwa na swali moja.

“Nani huyo kapita?”

“Hakuna mtu, mama.”

“Haya.”

Wiki ya tatu akaja dresa kumpima. Alimsikiliza kifua mbele, akamsikiliza nyuma. “Kisafi. Homa hana. Dawa yangu imemaliza kazi yake.” Kisha akanivuta ukumbini. “Lakini huyu anakwenda, dada. Anaondokea wapi, sijui.”

Mie nilijua. Jioni ile nikamweleza mume wangu, naye akafikiri kwa makini, kama afikirivyo faili.

“Labda ni kelele za mtoto,” akasema. “Tumhamishie mama chumba cha nyuma. Kule kumetulia zaidi.”

“Mhamishie makaburini basi. Kule ndiko kumetulia kabisa.”

“Ndivyo unavyosema na mumeo?”

“Nasema na karani! Mama yako anakufa kwa kukosa wa kumtukana, wewe unatafuta chumba.”

“Si wewe uliyesema utulivu?”

“Nilikosea! Nimekosea mie. Neno gumu hilo? Hebu na wewe lijaribu.”

Akafungua gazeti. Nikambana mtoto mgongoni kwa kanga, nikaenda nyumba ya pili.

Bibi alikuwa mlangoni kwake akipepeta mchele. Nikapiga magoti.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Macho yake hayakutoka kwenye ungo.

“Nimekuja kukuomba uje umwone mama.”

“Mumeo kanikataza. Nangoja msiba. Msibani mtani haombi ruhusa kwa karani.”

Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya huzuni. Nilitamani kumrukia yeye, na mume wangu, na mwalimu wangu wa zamani. “Hali chakula, bibi. Siku ya nne leo. Anauliza tu nani kapita, nani kapita. Anakuuliza wewe.”

Ungo ukasimama. “Siku nne?”

“Nne.”

“Na nyie na kusoma kwenu kote mnamtazama?”

“Tunamtazama.”

Alinyanyuka akaniacha nimepiga magoti vile vile. Nilimkuta keshaingia kwetu bila hodi. Alimnyang’anya mume wangu gazeti mikononi, akalibana kwapani: “Langu hili, la kufungia maandazi.” Mwana wa Mzaramo ni mtani naye, hana ruhusa ya kununa. Bibi akapita hadi kitandani.

“Mzaramo! Nasikia unajikondesha ili nisipate taabu kukubeba. Ahsante, lakini wachimba kaburi wote wamekwenda arusini Kisarawe. Wiki hii hakuna wa kukuzika. Kula.”

Hakugeuka. Nikasema moyoni tumechelewa. Kisha ukutani ikatoka sauti nyembamba kama uzi.

“Mpagazi… nani kakufungulia zizi?”

Bibi akaketi kitandani kwa kishindo, akauonja uji. “Huu uji au gundi? We mke wa karani, pika mwingine!” Nilipika. Mama mkwe akanywa vijiko sita, kila kijiko na tusi lake. Kufikia Ijumaa ua ulikuwa umejaa wanawake, mtoto anapita mkono kwa mkono, nami nikakaa chini nikala.

Mama mkwe alipona. Sasa sikilizeni. Miezi miwili baadaye mume wangu alikuja na karani mwenzake ambaye mama yake anadhoofu. Nikiwa naleta chai, nikamsikia anavyomshauri: “Siri ni utulivu, bwana. Sie ndivyo tulivyomponya mama.”

Nikatua sinia. “Shemeji,” nikamuuliza yule mgeni, “mama yako huwa anagombana na nani?”

“Hana wa kugombana naye, shemeji. Tumemtoa kijijini, tumemweka chumba chake peke yake, aishi kwa raha.”

“Basi mrudisheni kesho.”

Nikamweleza yote, kuanzia kosa langu mpaka la mwenye nyumba, simruki mtu. Mgeni alinisikiliza kikombe kikiwa mkononi, hajanywa. Mume wangu alikohoa, akasema chai imekosa sukari.