Tungesema Ni Kiboko

Naikumbuka asubuhi moja kule Nyakabere, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Mwanangu Neema, jana uliniuliza juu ya somo lenu la teatri, ile michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa kale: mfalme anaanguka mpaka chini kabisa, mbona mwalimu bado anamwita mkubwa? Mimi niliishia darasa la nne, lakini niko na boti mbili zinazokwenda Kalemie, na nyumba ya ghorofa ambayo abiria wa ziwani wanaisonta kidole. Basi sikiliza jibu la mtu aliyejitengeneza mwenyewe.

Mjomba wangu Kashindi alikuwa kapita wa maji, msimamizi wa mifereji. Fimbo yake ndiyo iliyoamua mfereji unyweshe shamba la nani, siku gani. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamezoa miche yote ya mpunga ya Mama Nabintu, mjane. Mjomba akapiga fimbo chini mbele ya wakulima: "Aliyeacha mlango wa maji wazi atamlimia huyu mama msimu mzima, na mambo ya maji hatayagusa tena maishani!" Watu wakashangilia. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, umalizie mwenyewe.

Akaanza kuuliza mmoja mmoja: jana nani alipita mferejini? Hapo nikakumbuka. Jana yake mimi na mjomba tulitoka harusini, pombe ya ndizi imemchangamsha, akafungua mlango wa maji anawe miguu. Ule ubao wa kufungia tukauacha majanini. Nikamvuta kando.

"Mjomba, ni weye. Ubao tuliusahau. Lakini tuseme ni kiboko. Viboko si hubomoa mifereji kila mara?"

Nilijiona mwerevu. Tena nisikufiche, fimbo ile nilitegemea kuirithi.

Akaniuliza, "Na huyo kiboko atakuja kumlimia Nabintu?"

Akarudi katikati ya watu. "Muntu niliyekuwa namutafuta iko hapa," akasema, akalaza fimbo chini. "Ni minye mwenyewe."

Wazee wakamsihi: kapita, ni bahati mbaya tu, toa mbuzi yaishe. Akakataa. "Neno nililitoa mwenyewe. Mlilipenda kwa sababu mlidhani litampata mwingine?"

Kesho yake alikuwa topeni. Vijana wakamtania: "Kapita, maji iko ya moto?" Akajibu, "Shuka uonje, mkwe!" Wakacheka wote. Wakati wa kuvuna, Mama Nabintu mwenyewe akamrudishia fimbo. Hakuipokea. Nami sikuirithi, nikashuka Uvira kubeba mizigo bandarini, na utajiri huu wote ukaanzia hapo!

Lakini nakumbuka nilivyosimama juu ya tuta, yeye yuko chini, tope magotini, nami nikajihisi kama ninainua shingo kumtazama.

Kamwandikie mwalimu hivyo, mwanangu. Kiti cha mfalme huanguka, hata boti zangu zitazama siku moja. Ukubwa wa mtu unaonekana pale njia ya kukimbia iko wazi, naye anabaki na kusema ni mimi. Usimsingizie kiboko. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, hata akinuka tope.

Mungu akupe ubao wa kuzuia maji. Na siku utakapousahau, akupe kinywa cha mjomba wangu.