Shada la Bertha

Garimoshi la shamba la mkonge lilipowaka moto karibu na Muheza, behewa la wanawake lilikuwa limefungwa kufuli kwa nje. Msimamizi wa shamba ndiye aliyelifunga, wasije wakashuka njiani na kamba za magendo, maana miaka ile ya uhaba kila kitu kilikuwa na mnunuzi. Humo ndimo alimofia Bertha, mke wa mzee Noa.

Noa hakujua kusoma. Karani Faizal ndiye aliyemwandikia wasifu wa marehemu, wa kusomwa makaburini.

"Kufuli umelitaja?"

"Nililitaja, mzee wangu. Msimamizi kalifuta. Kasema niandike ajali, basi."

"Haya. Soma hivyo hivyo."

Wasifu ukasomwa. Kisha watu wakaitwa kuweka mashada, hata ikafika zamu ya mwajiri. Msimamizi akasogea na maua yake. Noa akampokonya, akamtia mkononi kufuli aliloliokota majivuni, jeusi kwa masizi, bado limefungwa.

"Shada lako hili. Liweke, watu wakuone."

Msimamizi akababaika.

"Weka, bwana," akasema Noa. "Au unataka kulifungua kwanza? Ufunguo si unao wewe?"