Shimo la Nyanya la Bibi

Mboga za kununua siziamini, rafiki yangu. Juzi hapa Geita nilisimama gengeni nikamuuliza muuzaji mchicha wake umemwagiliwa maji gani, akaniangalia kama anayemwona askari kanzu. Nikalipa, nikaondoka nikiunusa. Tabia hii nimeirithi kwa bibi, na yeye alikuwa na sababu: hapa mboga nyingi humwagiliwa maji ya kuoshea dhahabu, yenye zebaki.

Nyuma ya nyumba yake, pembeni ya mji huuhuu, alikuwa na bustani. Mvua zikianza tulipanda kunde na maboga, na mlenda ulijiotea wenyewe. Mvua zikikata tulianika majani ya kunde mpaka yakawa nsansa, mboga ya miezi ya vumbi. Harufu yake ikipikwa na karanga naitamani mpaka leo. Kiangazi kilikuwa cha nyanya. Bibi alichimba shimo refu, akajaza samadi ya ng'ombe chini, juu akarudishia udongo aliouchekecha kuondoa mawe, ili maji machache tuliyonayo yasipotee.

Sasa wewe fikiria: mtaa wa wachimbaji wa dhahabu, bibi kizee anachimba shimo, halafu anachekecha udongo. Nani atakubali kwamba ni nyanya?

Jirani yetu, mchimbaji aliyetoka mbali, alianza kuja kuomba chumvi kila asubuhi. Mkono ulipokea chumvi, macho yalikuwa kwenye udongo.

"Shikamoo bibi. Duara lako la dhahabu limefika wapi?"

"Marahaba. Hilo si duara, baba. Ni shimo la nyanya."

"Sawa bibi. Nyanya."

Bibi akamshuku, akazungushia bustani miiba. Hapo ndipo alipoharibu, maana mtaa mzima sasa ukasadiki. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nilijua tunachoogopa. Uvumi ukiwafikia vijana wenye sululu, ingekuwa rashi, kundi zima kukimbilia dhahabu, na bustani ingegeuka kifusi. Kiangazi chote tungekula ugali na nini?

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta miiba imesogezwa na miche imeng'olewa. Jirani alikuwa ndani ya shimo, samadi mpaka kiunoni, karai mkononi. Nililia kwa sauti. Bibi hakulia, alisimama ukingoni akamtazama.

"Umepata?"

"Bado, bibi."

"Basi ukichoka, samadi ianze chini, udongo juu. Na miche yangu uirudishe yote."

Aliirudisha kwa aibu, huku akikagua kila kiganja cha udongo. Nyanya za mwaka ule zilinenepa ajabu, kwa kuwa alikuwa amechimba kuliko bibi alivyoweza. Tulimpelekea sahani. Alizipasua mojamoja na kuzichungulia kabla ya kula.

Bibi alipofariki, jirani alikuja msibani, mvi tupu. Akanivuta pembeni.

"Mjukuu, mwenyewe ameshapumzika. Sema kweli, mlikuwa mnaificha wapi?"

Nikamwambia zilikuwa nyanya tu. Akatikisa kichwa. Hakuniamini.

Wajomba waliuza kiwanja. Sasa pana fremu za maduka, saruji imemwagwa mpaka ukutani, na wanauza nyanya za kopo. Nikipita pale husimama nikatazama chini. Wapita njia hunikodolea macho, wakidhani najua kitu kilichofukiwa. Kipo, nami nakililia.